Jinsi mti wa mpira ulivyouachia muhogo wa Pwani urithi wake

KATIKA vijiji vingi vya Kaunti ya Kwale, kuanzia Matuga hadi Msambweni na Lunga Lunga, mimea miwili ya ukoo mmoja huishi jirani bila watu kuutilia maanani udugu wao. Wa kwanza ni muhogo, ambao mizizi yake huchomwa, hupikwa kwa tui la nazi, hukaangwa na kuuzwa kandokando ya barabara ya Ukunda na Diani, au huanikwa ikawa makopa na kusagwa kuwa unga. Wa pili ni mpira, mti mrefu unaosimama mpakani mwa shamba au nyuma ya jiko. Mizizi yake haifai kwa chungu, lakini majani yake huchumwa na kutwangwa yakawa kisamvu.

Mkulima huitenga mimea hiyo: huu wa chakula, ule wa wigo na mboga. Nyuki hawaitengi. Hutoka kwenye maua ya mmoja wakaingia kwenye maua ya mwingine, na mara mojamoja chavua ya mpira hufika kwenye ua la kike la muhogo, au kinyume chake. Mbegu inayopatikana hapo huota mmea ambao si muhogo kamili wala si mpira kamili. Wataalamu huuita mmea wa namna hiyo chotara, au mahuluti.

Jambo hili lingebaki kuwa burudani ya wanabotania lau si magonjwa mawili ambayo yamewatia hasara wakulima wa ukanda huu kwa miongo mingi: batobato, unaokunja majani na kuyatia madoa ya manjano, na michirizi kahawia, unaoozesha mizizi ikiwa bado ardhini. Sehemu kubwa ya kinga ambayo muhogo wa Afrika umeipata dhidi ya magonjwa hayo imetokana na damu ya mpira. Mti unaodharauliwa pale mpakani umeshiriki kuiokoa sahani ya mwenye shamba.

Uchotara si jambo geni katika maumbile. Kwa wanyama, spishi mbili zikizaliana mara nyingi mtoto huwa tasa, kama alivyo baghala, mzao wa punda na farasi. Mimea ina uhuru mkubwa zaidi. Spishi zilizotengana kwa muda mrefu zaweza kukutanishwa na barabara, reli, bustani au jembe, zikapata watoto wenye uwezo wa kuzaa, na watoto hao wakarudi kuzaliana na upande mmoja wa wazazi wao.

Jamii ya alizeti ni mashuhuri kwa tabia hii. Katika Mlima Kenya kuna mimea mikubwa ya jenasi ya Dendrosenecio ambayo wapandaji mlima wengi huipiga picha. Mmoja, Dendrosenecio keniodendron, husimama kama mti. Mwingine, Dendrosenecio keniensis, hukaa karibu na ardhi katika sehemu za chepechepe. Zinapopakana spishi hizo, chotara wao wameonekana na kuandikwa na wanasayansi.

Kisa cha Uingereza kinaeleza zaidi. Kiua cha manjano kiitwacho Senecio squalidus, ambacho chenyewe kilitokana na uchotara wa spishi mbili za mlima Etna nchini Italia, kilioteshwa katika bustani ya mimea ya Oxford. Kikatoroka, kikafuata reli hadi miji mingine, na huko kikakutana na gugu la wenyeji, Senecio vulgaris. Mwaka 1979 mtaalamu Richard Abbott alipata mjini York mmea uliotokana na wawili hao. Ulizaa bila shida, na mwaka 2003 ulitangazwa rasmi kuwa spishi mpya, Senecio eboracensis. Ulitoweka porini, na dawa za kuulia magugu zikalaumiwa. Mbegu zilizokuwa zimewekwa akiba ndizo zilizowezesha kurudishwa kwake mjini humo, habari iliyotangazwa mwaka 2023.

York na Kwale ni mbali, lakini visa vyao vina jambo moja la kufanana. Kote kuwili binadamu ndiye aliyewakutanisha jamaa waliokuwa wametengana, kisha akageuza uso.

Muhogo na mpira, wote wawili, ni wageni wa Afrika. Muhogo, Manihot esculenta, ulianza kulimwa kusini magharibi mwa msitu wa Amazon. Wareno waliuleta Afrika katika karne ya 16, na katika karne zilizofuata ukaenea Afrika Mashariki hata leo kuna wanaodhani ni chakula cha asili. Mpira unaozungumziwa hapa, Manihot glaziovii, ni mwenyeji wa nchi kavu ya kaskazini mashariki mwa Brazil, hasa jimbo la Ceará. Usichanganywe na mpira mwingine wa Amazon, Hevea, ambao ndio unaolimwa kwa wingi Asia.

Mti huo uliletwa kwa ajili ya utomvu wake. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20, dunia ilikuwa na kiu ya mpira wa magurudumu, na Wajerumani wakaupanda kwa wingi katika koloni lao, hasa sehemu za Tanga na Morogoro. Mashamba ya namna hiyo yalianzishwa pia katika pwani ya Kenya. Kisha mpira wa bei nafuu kutoka Asia ya Kusini Mashariki ukafurika sokoni, na mwaka 1913 bei ikaanguka vibaya. Mashamba yaliachwa, lakini miti haikuondoka. Iligeuka kuwa wigo, kivuli na mboga, na hapo ndipo ilipoanza ujirani wake na muhogo.

Maumbile ya ua la muhogo yanasaidia sana uchanganyaji huo. Kishada kimoja hubeba maua ya kike na ya kiume. Ya kike, yaliyo upande wa chini wa kishada, hufunguka kwanza. Ya kiume hufuata wiki moja au mbili baadaye. Wakati ua la kike liko tayari, chavua ya kishada hicho haijaiva, hivyo nyuki na wadudu wengine huleta ya kwingine. Muhogo na mpira kila mmoja una kromosomu 36, na kromosomu hizo zinapokutana katika chotara hupangana vyema kiasi cha kuuacha mmea huo uzae.

Tunda likikomaa na kukauka hupasuka juani na kurusha mbegu zake tatu. Nyingine huishia kupotea, nyingine huota mvua za masika au vuli zinapoanza. Hapa ieleweke kuwa kile ambacho wakulima wengi hukiita mbegu ya muhogo si mbegu hasa, bali ni kipande cha shina. Kipande cha shina humzalisha mama vilevile alivyo, hana tofauti. Mbegu ya ua huleta mtu mpya.

Mwenye jicho la kuchunguza aweza kuwatambua jamaa hawa. Jani la muhogo hugawanyika vidole vyembamba, mara nyingi vitano hadi saba, na kikonyo chake hushika ukingoni mwa jani. Jani la mpira lina vidole vichache na vipana zaidi, na kikonyo huingia kidogo ndani ya jani, mfano wa mpini wa mwavuli. Tunda la muhogo lina migongo sita kama mbawa ndogo. La mpira ni la mviringo. Chotara huwa katikati: shina refu kupita la muhogo, majani mapana, mizizi michache yenye nyuzi. Mimea ya aina hii, ambayo wataalamu huiita miti ya muhogo, imejulikana Afrika kwa muda mrefu na inahesabiwa kuwa ilitokana na uchotara uliojitokea wenyewe. Mwenye shamba akikuta mmea wa hivyo umejiotea, kwa kawaida huung'oa kwa sababu hauna faida jikoni, na nani atamlaumu?

Batobato ulielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1894 na Mjerumani Otto Warburg, kutokana na mimea ya nchi ambayo leo ni Tanzania. Michirizi kahawia ulielezwa mwaka 1936 na H. H. Storey, mtaalamu wa virusi vya mimea katika kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima ya Usambara. Kwa miaka mingi michirizi kahawia ulikuwa ugonjwa wa nyanda za chini za pwani na kando ya Ziwa Malawi. Kuanzia mwaka 2004 ulianza kuenea nchini Uganda katika sehemu za juu ambako wengi waliamini usingefika.

Magonjwa yote mawili huletwa na virusi, na virusi hivyo husafirishwa na nzi weupe wadogo wanaofyonza majani, na pia na mkulima mwenyewe anapobeba shina lenye maradhi kutoka shamba moja hadi jingine. Batobato angalau hujionyesha. Michirizi kahawia ni ugonjwa wa hila: majani yaweza kuonekana mazima, au yakawa na manjano kidogo ambayo mtu angedhani ni uzee, lakini siku ya kuchimba mizizi hupasuliwa ikakutwa na madoa makavu ya kahawia ndani. Mizizi ya hivyo hainunuliki, na ng'ombe ndiye huambulia kilichosalia.

Kituo cha Amani kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902 na baadaye kikashikwa na Waingereza. Katika miaka ya 1930 Storey alianza kutafuta muhogo usioshindwa na virusi, kazi iliyoendelezwa na R. F. W. Nichols na kisha D. L. Jennings hadi mwaka 1957. Walikusanya aina za muhogo kutoka nchi nyingi, na hapakuwa na hata moja yenye kinga kamili. Ndipo walipougeukia ukoo mpana zaidi. Walijaribu spishi kadhaa za Manihot, ukiwemo mpira wa Ceará, pamoja na ile miti ya muhogo iliyodhaniwa kuwa chotara wa asili. Jambo ambalo nyuki walikuwa wakilifanya kwa kubahatisha, wao walilifanya kwa mikono na kwa daftari.

Inastaajabisha kwamba mpira uliweza kusaidia. Virusi vya batobato ni vya Afrika. Brazil mti huo haukuwahi kuvijua. Hata hivyo, ulipokutana navyo huku ulivistahimili kuliko binamu yake anayelimwa.

Chotara wa kwanza walikuwa na afya njema na mizizi mibaya. Kwa hiyo walirudishwa kuzalishwa na muhogo, kisha watoto wao wakarudishwa tena, na wajukuu tena. Kwa hesabu ya wastani, chotara wa kwanza ana nusu ya urithi wa mpira. Akirudishwa mara moja hubaki robo, mara ya pili sehemu moja ya nane, mara ya tatu sehemu moja kati ya 16. Ilipofika hatua hiyo ya tatu, mizizi ilikuwa imerudia hali ya muhogo wa kulika, na baadhi ya mimea ilikuwa bado inaweza kusimama mbele ya virusi.

Mmoja wa wajukuu hao aliandikwa kwa nambari 46106/27. Wakulima hawali nambari. Katika pwani ya Kenya aliitwa Kaleso, na kwa jina hilo amelimwa hadi kizazi hiki. Huko Tanzania kuna muhogo maarufu kwa kustahimili michirizi kahawia uitwao Namikonga. Wataalamu walipolinganisha urithi wa mimea hiyo miwili maabarani, waligundua kuwa Kaleso na Namikonga ni mmea mmoja. Mkono baada ya mkono, kipande baada ya kipande, mtoto wa Amani alikuwa amesambaa pande mbili za mpaka akajipatia majina mawili, na vitabu vilikuwa vimewahesabu kuwa wawili.

Tawi jingine la ukoo huo lilikwenda mbali zaidi. Mbegu za mmea wa Amani wenye nambari 5318/34 zilipelekwa Nigeria, na kutoka humo ukapatikana mmea ulioitwa 58308. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Tropiki, IITA, mjini Ibadan, iliutumia kuwa msingi wa aina zake nyingi za muhogo. Mojawapo, TMS 30572, ilirudi Afrika Mashariki na kulimwa Uganda kwa jina la Migyera wakati batobato kali ulipoiharibu mihogo ya nchi hiyo katika miaka ya 1990.

Kwa miaka mingi hadithi hii ilitegemea daftari za Amani. Mwaka 2016 watafiti waliosoma mpangilio mzima wa urithi wa muhogo na jamaa zake walichapisha matokeo yao katika jarida la Nature Biotechnology, wakionyesha vipande vya urithi wa mpira ndani ya muhogo wa Afrika, vikubwa zaidi vikiwa katika kromosomu ya kwanza na ya nne. Utafiti mwingine wa mwaka 2019 ulionyesha kuwa vipande hivyo havihusiani na maradhi peke yake: mihogo iliyo navyo huwa pia na mizizi mingi zaidi na ukavu mzuri wa unga. Wafugaji wa mimea walikuwa wakivichagua bila kujua walichokishika.

Utafiti huohuo ulifichua kasoro. Vipande vya mpira hupatikana zaidi kwa nakala moja tu, nyingine ikiwa ya muhogo. Mmea unaorithi nakala mbili za mpira, moja kutoka kwa kila mzazi, huonekana kudhoofika, na wafugaji wakauacha. Ni urithi unaofaa ukiwa kiasi. Kwa hiyo hauwezi kutulizwa kabisa ndani ya ukoo wa mbegu: kila mara wenye nakala moja wanapozaliana, baadhi ya watoto hukosa kabisa na baadhi hupata kupita kiasi.

Mambo yangekuwa rahisi kama mpira ungekuwa rafiki tu. Tanzania na Msumbiji, virusi vya michirizi kahawia vimepatikana ndani ya miti ya mpira inayoota karibu na mashamba. Muhogo hung'olewa baada ya mwaka mmoja au miwili. Mpira husimama miaka na miaka, majani yake yakiwa malisho ya nzi weupe hata wakati wa kiangazi ambapo shamba liko tupu. Mti uliotoa kinga unaweza pia kuwa nyumba ya kupangisha maradhi.

Wapo wanaoona kuwa dawa ni kuifyeka yote. Hoja hiyo ina uzito pale mti unapoonyesha dalili za ugonjwa ukiwa umepakana na shamba jipya. Lakini kuufyeka mpira wote wa Kwale ni kuondoa mboga ya wakati wa ukame, na ni kuondoa pia hazina ya urithi ambayo haijachunguzwa yote, kwa kuwa Amani walitumia miti michache tu. Mti mgonjwa ukatwe. Mzima na uachwe.

Wakulima wa Kwale leo wana aina kadhaa za kuchagua. Kibandameno hupendwa kwa utamu wake, nao hushikwa upesi na magonjwa. Kituo cha utafiti cha Mtwapa, kilichokuwa chini ya KARI na sasa KALRO, kimetoa aina kama Tajirika, Shibe, Karembo na Karibuni. Kaleso angali mashambani. Kustahimili, hata hivyo, si kutoambukizwa. Muhogo unaostahimili waweza kubeba virusi kidogo usionyeshe chochote, na shina lake likapelekwa kwa jirani mwenye Kibandameno, na huko maradhi yakalipuka.

Hapo ndipo ule mche uliojiotea unapostahili kutazamwa mara ya pili. Kwa kawaida virusi vya magonjwa haya havipiti katika mbegu ya ua, hivyo mche huo huanza maisha ukiwa msafi, tofauti na kipande cha shina kinachorithi maradhi yote ya mama. Mingi ya miche hiyo haina faida: mizizi midogo, au michungu kwa sumu ya sianidi, ambayo huwamo katika muhogo na mpira pia na ndiyo sababu kisamvu hutwangwa na kuchemshwa sana. Mkulima anayeuacha mmoja ukomae pembeni mwa shamba huuchimba baada ya mwaka, hupasua mizizi kutazama kama kuna kahawia ndani, na hauonji mbichi. Akiupenda hukata vipande na kuupanda msimu wa pili, safari hii katikati ya mihogo migonjwa, maana shamba lisilo na ugonjwa haliwezi kumwonyesha nani mwenye kinga. Kama majani yatabaki safi hadi masika mengine na mizizi ikatoka myeupe, atakuwa na mmea ambao haupo katika daftari la kituo chochote.